Mama Chaki: ‘Nilikwenda kusomea uongozi, nikakuta kazi inakwenda bila mimi’

Saa moja na nusu asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha kufulia nguo cha hospitali na vioo vya madirisha vinatoka jasho. Mashine zinanguruma. Wanawake wawili wameshika pembe za shuka, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena, na kila wanapokutana shuka linapungua, mpaka linabaki la kubanwa kwapani.

Mlangoni, penye mwanga, amesimama mwanamke wa makamo aliyevaa koti la buluu. Anachomoa shuka kwenye toroli iliyojaa, analikunjua, analiinua kuelekea dirishani na kulitazama kama muuza duka anavyotazama noti anayoitilia shaka. Analinusa. Analikunja upya. Anachomoa lingine kutoka katikati, kisha foronya moja kutoka chini kabisa. Anaporidhika, anatoa chaki mfukoni na kuchora mstari ubavuni mwa toroli.

“Peleka,” anasema, na mwanamume mrefu aliyekuwa akingoja anaisukuma toroli kwenda kwenye lifti. Nyuma yake toroli nyingine nne ziko foleni.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku mwandishi wa makala haya alipofika hapo kwa mara ya kwanza, mwaka jana. Hakuna shuka lililotoka bila mstari wa chaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuuchora isipokuwa msimamizi mwenyewe. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mapokezi hadi jikoni, inamwita Mama Chaki. Wageni hudhani ni mwalimu.

Wamekosea kidogo tu, kwa sababu Mama Chaki ni mwanafunzi. Kila Jumamosi anavua koti la buluu, anabeba begi la kompyuta na kwenda chuoni kusomea shahada ya uzamili ya biashara, ile inayotolewa kwa watu walio kazini.

Mwandishi alikuwa ametumwa na swali dogo: watu hawa wanaofanya kazi wiki nzima na kusoma siku ya mapumziko wanaionaje shahada yao? Alidhani ataondoka na majibu mafupi mafupi na picha moja ya darasa. Hakujua atarudi kwenye chumba cha kufulia mara nyingi kiasi kile.

Mama Chaki aliingia hospitalini akiwa msichana, akaanzia kwenye karo la kufulia kwa mikono. Mashine zilipokuja alijifunza mashine. Sekondari aliimaliza akiwa tayari ana watoto, na shahada ya kwanza aliisoma jioni kwa miaka mingi kuliko anavyopenda kutaja. Sasa hospitali inamlipia nusu ya ada. Nusu nyingine inameza karibu robo ya mshahara wake kila mwezi.

Mumewe, fundi wa friji, ana maelezo yake kuhusu hilo.

“Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” anasema akimenya vitunguu jikoni kwao, aproni imemkaa vizuri kuliko anavyotaka kukiri. “Hii shahada ilipoingia nyumbani kwangu, nikangoja siku ya tatu. Ilipofika, jembe nikakabidhiwa mimi.”

Darasa lenyewe liko ghorofa ya tatu. Viti ni vya kuzunguka, birika la chai liko kwenye kona, na kila aliyemo ana kazi inayomngoja Jumatatu na simu isiyotaka kungoja hata hiyo Jumatatu.

Meneja wa tawi moja la benki, mwenye miwani anayoitafuta huku ameivaa kichwani, hakuzunguka mbuyu. “Nilikuja kutafuta karatasi, sitakudanganya,” alisema. “Kazini kwetu usipokuwa na karatasi, vijana wanakupita umesimama. Lakini sasa Jumamosi nisipokuja naumwa kichwa.”

Mhandisi wa maji aliyeketi karibu naye alisema mkewe ameipa shahada hiyo jina la mke mwenza. “Ijumaa usiku ananiuliza, kesho zamu yangu au ya mwenzangu?” Naye ana malalamiko. “Mifano tunayopewa ni ya makampuni yenye ndege zao. Mimi nina pampu tatu, na moja imekufa.”

Mfamasia, mama mwenye duka lake la dawa, alifikiri kwanza. “Mimi nimejifunza kusema sijui,” alisema. “Nyuma ya kaunta mtu akikuuliza, unajibu, hata kama hujui vizuri. Siku ya kwanza kusema sijui humu ndani, nikangoja paa lidondoke. Halikudondoka.”

Na Mama Chaki? “Mimi bado,” alisema. “Nimepata maneno mengi mapya. Ila wale watu wangu hawafui kwa maneno.”

Wakati wa mapumziko alikwenda pembeni na simu. “Mmenibakizia?” alimuuliza mtu wa upande wa pili. “Tumekubakizia, Mama,” sauti ikajibu. Darasa lilipokwisha, badala ya kwenda nyumbani alipitia hospitalini, begi begani. Mlangoni mwa chumba cha kufulia toroli mbili zilikuwa zinamngoja. Akazikagua, akazinusa, akazichora.

“Jumamosi kazi huwa chache,” alimweleza mwandishi. “Lakini unaona mwenyewe. Bila mimi, zingelala hapa.” Alikuwa amechoka na alikuwa na furaha.

Miezi michache baadaye mhadhiri wa somo la uendeshaji, mwanamke mfupi asiyejua kuketi, aliwapa zoezi. Kila mmoja aifuate kazi moja ya ofisini kwake tangu inapoanza mpaka inapokwisha, atafute mahali inapolala, kisha aje aeleze mbele ya darasa. Wanaolipiwa na waajiri wao waje na waajiri hao.

Mama Chaki aliliona zoezi jepesi. Wodi zilikuwa zikilalamika kwa muda mrefu kwamba mashuka safi yanafika adhuhuri, wagonjwa wakiwa wamekalishwa kwenye viti au kwenye magodoro matupu. Mkosaji alikuwa anamjua. “Nilishaihukumu lifti,” anasema. “Ile lifti ina kiburi. Nilichokuwa natafuta ni ushahidi tu.”

Akapanda wodi ya wazazi, akamuuliza muuguzi mkuu mashuka yanawafikia saa ngapi.

“Akaniambia inategemea siku,” anakumbuka. “Siku za kazi, adhuhuri. Jumamosi, kabla hawajamaliza kugawa dawa za asubuhi. Nikamwambia hapana sista, utakuwa umechanganya, Jumamosi mimi sipo, lazima yanachelewa zaidi. Akanitazama kwa huruma. Akasema, Mama, Jumamosi ndiyo siku yetu nzuri.”

Alikwenda wodi ya upasuaji, jibu likawa lilelile. Wodi ya wanaume walimuuliza kama inawezekana kila siku iwe Jumamosi.

Alishuka kwa ngazi, lifti akaiacha, akaenda kumtafuta msaidizi wake. Huyu ni mwanamume mpole aliyeanzia kwenye mashine ya pasi, na mpaka leo wanamwita Kaka Pasi. Ndiye aliyekuwa akipokea simu za Jumamosi.

“Nilijua ipo siku ataniuliza,” Kaka Pasi alimwambia mwandishi baadaye. “Jumamosi za mwanzo tulimngoja kweli. Halafu wodi wakapiga simu, mgonjwa katoka upasuaji hana cha kulalia. Tukapeleka bila chaki. Hakuna kilichoharibika. Jumamosi iliyofuata tukapeleka tena. Ikawa ndiyo kawaida.”

Na zile toroli mbili?

Kaka Pasi alijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. “Zile zilikuwa za akiba ya jioni, zisingetoka mapema hata hivyo. Sasa wewe fikiria. Mama katoka darasani, kachoka, kapita hapa kutia chaki yake, akute mlango mtupu? Tungemnyima? Ile ilikuwa heshima tu.”

Heshima hiyo ilimuuma vibaya. Mama Chaki hasemi aliudhika. Anasema alilia, tena stoo, kati ya foronya mpya, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani.

“Ningekuta wananiibia sabuni ningeumia kidogo,” anasema. “Lakini kukuta wananihurumia! Watu wazima wanakaa wanapanga, tumwachie ngapi leo. Nikatafuta shuka la Jumamosi lililorudishwa kwa sababu ya doa. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote, maana nilitaka kulipata. Sikulipata.”

Halikuwa jambo la kuona haya tu. Wakati huo huo hospitalini kulikuwa na minong’ono kwamba wasimamizi ni wengi na watapunguzwa. Mkurugenzi wa utawala, yule aliyeidhinisha nusu ya ada yake, ndiye ambaye angeketi darasani kumsikiliza. Kusema ukweli mbele yake kulikuwa sawa na kumkabidhi kisu na kumwonyesha shingo.

Wenzake wa darasani walimshauri kwa nia njema kabisa. Meneja wa benki alisema, “Lifti haina watoto. Isingizie lifti.” Mhandisi alimuuliza kwa nini ajipalie makaa ya moto mwenyewe. Mfamasia alimwambia aje afanye zoezi dukani kwake, kuna rafu za dawa zinazolala miezi.

Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. “Ukisema lifti utapata alama,” alimwambia. “Halafu Jumatatu utapita mbele ya Kaka Pasi. Wewe unajua, na yeye anajua.” Akarudi kwenye friji ya mteja aliyokuwa ameifungua sebuleni.

Siku ya kuwasilisha, mwandishi alikuwepo, kiti cha nyuma. Mkurugenzi aliketi safu ya pili, suti ya kijivu, kalamu mkononi. Mama Chaki alisimama mbele bila koti lake la buluu na alionekana mfupi kuliko alivyo. Hakuwa na picha nyingi za kuonyesha. Alieleza safari ya shuka tangu linapovuliwa kitandani mpaka linaporudi, kwa utulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

“Mahali linapolala ni kwangu mimi,” alisema. “Linafika mlangoni safi, kavu, limekunjwa, halafu linaningoja. Siku nisipokuwepo, halingoji. Nyani haoni kundule. Mimi langu nimeoneshwa na hiki chuo.”

Darasa likacheka, wengine mpaka machozi. Mkurugenzi hakucheka.

“Kwa hiyo ukiondoka,” aliuliza, “kutaharibika nini?”

“Kwa upande wa mashuka safi, hakuna.”

“Basi kazi yako ni nini?”

“Sijui bado, mheshimiwa,” Mama Chaki akasema. “Naomba nipewe muda kidogo nijue.”

Mfamasia aliyekuwa safu ya mbele aliinamisha kichwa. Meneja wa benki alivua miwani, safari hii kutoka machoni. Mkurugenzi aliandika kitu, akashukuru, akaondoka kabla ya chai. Mhadhiri naye alimpa alama nzuri, si za juu. Alimpunguzia kwa sababu ripoti haikuwa na pendekezo, na Mama Chaki anasema alistahili kupunguziwa.

Jumatatu aliwakusanya wafanyakazi kabla mashine hazijawashwa. Aliwaambia kuanzia siku hiyo toroli ikijaa na iende, na anayekunja ndiye mkaguzi. Akawaambia pia anajua habari za Jumamosi na hana kinyongo. Kisha akawauliza: “Sasa niambieni ninyi. Mimi nifanye nini?”

Kaka Pasi alikuwa akichunguza viatu vyake. Ni nani angemwambia bosi wake jambo la namna hiyo, tena asubuhi, tena Jumatatu?

Aliyejibu ni mwanamke mkubwa kuliko wote mle, anayechambua nguo chafu nyuma ya ukuta. Wote wanamwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja pale.

“Mwanangu,” alisema, “njoo usimame huku kwetu.”

Huku kwetu ni chumba kidogo chenye mlango wa nyuma, mahali magunia ya nguo kutoka wodini yanapoingilia. Hapo hakuna mvuke wala harufu ya sabuni. Shangazi na mwenzake wanafungua gunia, wanatenganisha mashuka na gauni za wagonjwa na taulo, na mara kwa mara mkono unakutana na kitu kisichotakiwa kuwemo: sindano iliyosahaulika kitandani, wembe, kipande cha chupa ya dawa.

Shangazi amechomwa mara mbili. Mara ya mwisho alimeza dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi mwezi mzima, akangoja majibu, na majibu yakatoka salama.

“Mwezi ule nilikuwa nina kikombe changu peke yangu nyumbani,” anasema. “Wajukuu hawakujua kwa nini. Daktari aliniambia si lazima. Akili ilimsikia. Moyo haukumsikia.”

Mama Chaki alizijua habari hizo. Aliagiza glavu nene zaidi, zikaja. “Halafu nikarudi mlangoni kwangu kunusa mashuka safi,” anasema, na hapo anatazama pembeni. “Miaka yote hiyo nilisimama yanapotokea. Kumbe watu wangu walikuwa wanaumizwa yanapoingilia.”

Kwa muda wa wiki mbili alifungua magunia pamoja na Shangazi. Walikuta sindano nyingi kuliko alivyotegemea. Walikuta pia meno ya bandia, seti nzima, ambayo mwenyewe alipatikana ghorofa ya pili akiwa amenuna na kukataa kuongea na mtu. Kila chenye ncha walikiweka kwenye ndoo yenye jina la wodi kilikotoka, na haikuchukua siku nyingi kuona ndoo zipi zinajaa haraka. Pale wauguzi wanapovua shuka wakiwa peke yao na wagonjwa wengi, ndipo sindano zinapobaki.

Alirudi kwa mkurugenzi na ndoo hizo, zimefunikwa vizuri. Hilo ndilo likawa pendekezo lililokosekana kwenye ripoti yake.

Uamuzi ulipotoka haukuwa wa kupigiwa vigelegele. Usimamizi wa chumba cha kufulia alipewa Kaka Pasi, ambaye aliomba msamaha kana kwamba ameuiba. Mama Chaki alipewa kazi mpya ya majaribio ya miezi sita: kuzunguka wodini, kufanya kazi na wauguzi wakati vitanda vinapovuliwa, na kuhakikisha kila chenye ncha kinaingia kwenye sanduku lake kabla shuka halijaguswa. Mshahara ni uleule, ila posho ya usimamizi imekwenda. Baada ya miezi sita wataona.

“Posho imekwenda, ada ipo,” anasema mumewe. Ameongeza wateja, na sasa sebule yao ina friji tatu, mbili kati yake zikiwa hazina milango.

Mwandishi alirudi darasani na swali lake la kwanza. Meneja wa benki alisema alijaribu kuifuata kazi moja tawini kwake na amegundua mahali inapolala, lakini hayuko tayari kusema ni meza ya nani. Mhandisi ameweka pampu ya pili kwenye matengenezo kabla haijafa, na mkewe ameanza kumheshimu mke mwenza. Mfamasia alisema ada ni kubwa mno kwa mtu wa kawaida na chuo kinapaswa kuona haya, kisha akasema angeilipa tena.

Mama Chaki hapendi kuipigia debe. “Watu wananiuliza kama inafaa,” anasema. “Nawaambia, mwenye haraka ya kupanda cheo asinifuate mimi. Mimi nimeshuka.” Anacheka mwenyewe. “Somo la masoko nimeshalisahau. Lakini ile shahada ilinitoa kazini siku moja kwa wiki, na siku hiyo ndiyo iliyonifundisha. Nisingekwenda darasani, ningekuwa pale mlangoni mpaka nastaafu, wagonjwa wamekaa kwenye viti.”

Wiki iliyopita mwandishi alimkuta wodi ya upasuaji, saa tatu asubuhi. Vitanda vilikuwa tayari vimetandikwa mashuka safi. Muuguzi kijana alikuwa amesimama upande mmoja wa kitanda cha mwisho na Mama Chaki upande wa pili, wanapapasa shuka chafu kwa viganja vyenye glavu kabla ya kulivua, taratibu, kutoka kichwani kwenda miguuni.

“Mama, hapa hamna kitu, mimi mwenyewe nimeshaangalia,” muuguzi alisema.

“Najua,” Mama Chaki alijibu, akauondoa mkono wake. “Basi endelea peke yako.” Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akatazama.

Shangazi amepitisha wiki tatu bila kukuta sindano kwenye gunia lolote. Hajaacha kuvaa glavu mbili mbili, na anasema hataacha. Mahafali ya darasa la Jumamosi yako mbioni, na miezi sita ya majaribio inakwisha karibu wakati huohuo.

Mwandishi alimuuliza kama haogopi. Sindano zikiisha kabisa, na wauguzi wakishazoea, hospitali haitakuwa na sababu ya kumlipa mtu wa kuzitafuta.

Mama Chaki alivua glavu, moja baada ya nyingine.

“Mkurugenzi ataniita aniulize tena kazi yangu ni nini,” alisema. “Namwomba Mungu swali hilo nilisikie mapema, kabla hawajaanza tena kunibakizia kazi.”